Sambo: Mieleka ya Warusi iliyofichwa asili yake

MASHABIKI wa mapigano ya kulipwa wanamkumbuka Fedor Emelianenko, Mrusi mnyamavu ambaye mwili wake haukumtisha yeyote, lakini aliyewabwaga wapinzani waliomzidi kimo na uzani kwa karibu mwongo mzima. Alipotwaa taji la PRIDE la uzani wa juu nchini Japani mwaka 2003, wengi waliuliza alifunzwa wapi. Swali hilo liliulizwa tena miaka mingi baadaye kuhusu Khabib Nurmagomedov, mzaliwa wa Dagestan aliyestaafu Oktoba 2020 baada ya kupigana mara 29 bila kushindwa hata mara moja.

Jibu lilikuwa lile lile. Wote wawili walikuwa wamewahi kuwa mabingwa wa dunia wa sambo ya mapigano, tawi kali la mchezo ulioundwa katika Muungano wa Kisovieti miaka ya 1920 na 1930.

Jina sambo ni ufupisho wa maneno ya Kirusi ‘samozashchita bez oruzhiya’, yaani kujikinga bila silaha. Halina uhusiano wowote na tusi la kibaguzi linalofanana nalo katika Kiingereza. Wala msomaji wa mashairi ya kale ya pwani asilichanganye na sambo ya washairi, ambayo ni chombo cha kusafiria baharini.

Mchezo wenyewe waweza kuelezwa kwa sentensi chache. Washindani wawili waliovaa jaketi zilizofungwa mshipi, kaptula na viatu laini hushikana juu ya mkeka, kila mmoja akijaribu kumwangusha mwenzake chali, kumkandamiza chini, au kuukunja mkono au mguu wake hadi asalimu amri. Ni historia yake ndiyo iliyo na utata, na utata huo uligharimu maisha ya mtu.

Kwa miaka mingi vitabu vya Kisovieti vilisimulia kwamba sambo ilitokana na mieleka ya jadi ya mataifa yaliyounda muungano huo. Wasomaji waliambiwa kwamba wataalamu walizunguka kutoka Georgia hadi Uzbekistan, wakakusanya mbinu bora za wanavijiji na kuziunganisha kuwa mchezo mmoja. Masimulizi hayo yalipendeza, kwa kuwa yaliambatana na siasa ya wakati huo ya udugu wa mataifa. Wala hayakuwa uongo mtupu. Ila yaliruka jambo moja kubwa: shina la mti huo lilitoka Tokyo.

Aliyelileta ni Vasili Oshchepkov. Alizaliwa mwishoni mwa mwaka 1892 katika kisiwa cha Sakhalin, mahali ambapo utawala wa mfalme wa Urusi ulikuwa ukiwapeleka wafungwa wa kazi ngumu. Mamake alikuwa mmoja wa wafungwa hao. Kufikia umri wa miaka 11, mvulana huyo alikuwa yatima. Kisha vikaja vita vya mwaka 1904 na 1905 kati ya Urusi na Japani. Urusi ilishindwa, na nusu ya kusini ya Sakhalin ikawa mali ya Wajapani.

Oshchepkov aliokolewa na kanisa. Kanisa la Kiorthodoksi la Urusi lilikuwa na misheni nchini Japani iliyoongozwa na Askofu Nikolai, na yatima huyo akapelekwa kusoma katika seminari yake. Huko alijifunza Kijapani hadi kukimudu barabara. Huko pia alikutana na judo.

Mnamo Oktoba 1911 alipokewa katika Kodokan, chuo kilichoanzishwa mwaka 1882 na Jigoro Kano, muasisi wa judo. Haikuwa rahisi kwa kijana wa Kirusi kukubaliwa humo, ikizingatiwa kwamba mataifa hayo mawili yalikuwa yametoka vitani miaka sita tu iliyotangulia. Hakuja kutalii. Mwaka 1913 alitunukiwa daraja la kwanza la mshipi mweusi, na mwaka 1917 akapewa la pili. Hakuna Mrusi mwingine aliyekuwa amefika hapo kabla yake, na Wazungu waliomtangulia walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Aliporejea Urusi alianza kufunza judo mjini Vladivostok mwaka 1914. Miaka mitatu baadaye wanafunzi wake walipambana na kikundi cha wageni kutoka Japani, katika shindano linalohesabiwa na wanahistoria wengi kuwa miongoni mwa mechi za kwanza kabisa za judo baina ya nchi mbili.

Ujuzi wake wa Kijapani ulimvuta kwenye kazi nyingine ambayo haikutangazwa. Baada ya mapinduzi, Oshchepkov aliwatumikia Wabolsheviki kama kachero. Miaka ya 1920 alitumwa katika maeneo yaliyokuwa chini ya Wajapani, na hatimaye Japani kwenyewe, akijifanya mfanyabiashara wa kuonyesha filamu. Alirudishwa nyumbani mwaka 1926. Akafanya kazi Novosibirsk kwa muda, kisha akahamia Moscow, ambako alifundisha wanajeshi na baadaye wanafunzi wa taasisi kuu ya elimu ya viungo.

Ni katika taasisi hiyo ndipo judo ilipoanza kubadilika mikononi mwake. Oshchepkov hakuwa mtu wa kuabudu alichofunzwa. Alitazama mieleka ya wanafunzi waliotoka pembe zote za nchi, akachukua kilichofaa na kuacha kisichofaa. Alibadilisha hata mavazi. Jaketi ya Kijapani inayofumuka ilipoguswa alipoiona haifai, aliibana mwilini na kuitoboa matundu ya kupitishia mshipi ili isitoke. Suruali ndefu ikawa kaptula. Miguu mitupu ikavishwa viatu, kwa sababu katika nchi yenye baridi kama Urusi, mtu anayeshambuliwa barabarani atakuwa amevaa koti na viatu.

Wakati huo huo, mtu mwingine alikuwa akichimba kisima chake kando. Viktor Spiridonov, afisa wa zamani wa jeshi la mfalme aliyepigana katika vita vya Urusi na Japani, alikuwa akifundisha katika Dynamo, chama cha michezo cha polisi na makachero kilichoundwa mwaka 1923. Mfumo wake aliuita samoz. Tofauti na Oshchepkov, yeye aliitegemea zaidi jujutsu aliyoisoma vitabuni pamoja na majaribio yake mwenyewe. Alitoa vitabu vitatu kati ya mwaka 1927 na 1933.

Samoz haikuwa ya kuangusha watu kwa madaha. Ilikuwa kazi ya askari anayetaka kumtia mtu pingu: kukunja kiko cha mkono, kupinda kifundo, kumwongoza mshukiwa hadi kituoni bila kumvunja wala kuvunjwa. Mafunzo yake yalibaki ndani ya kuta za Dynamo. Jina lenyewe sambo, lakini, linatokana na maneno yale yale yaliyozaa samoz, na kwa hiyo Spiridonov, aliyefariki mwaka 1944, ana haki ya kuhesabiwa miongoni mwa wazazi wa mchezo huu.

Mwaka 1937 ulipoingia, kuwahi kuishi Japani kulikuwa kumegeuka kuwa hatia. Mnamo Septemba, polisi wa siri wa NKVD walitoa amri ya kuwasaka watu waliokuwa wamefanya kazi Harbin na kwingineko mashariki ya mbali, kwa madai kwamba walikuwa majasusi wa Wajapani. Aliyeitumikia nchi yake kwa kuwapeleleza Wajapani sasa alishtakiwa kuwapelelezea. Oshchepkov alikamatwa usiku mwanzoni mwa Oktoba. Siku chache baadaye, akiwa na umri wa miaka 44, alifariki katika gereza la Butyrka mjini Moscow. Rekodi zilisema ni moyo.

Kifo hicho kiliwaweka wanafunzi wake katika njia panda. Kuendelea kufundisha judo kwa jina hilo, mchezo wa Kijapani ulioletwa na mtu aliyekwisha kuitwa jasusi, kulikuwa sawa na kujipeleka gerezani. Kuacha kabisa kulimaanisha kazi ya miaka mingi kuzikwa pamoja na mwalimu. Walichagua njia ya tatu, nayo ni kubadili jina na kubuni asili mpya.

Aliyejitokeza mbele ni Anatoly Kharlampiyev. Huyu alizaliwa mwaka 1906, mwana wa mwanandondi mashuhuri, na alikuwa mwanafunzi wa Oshchepkov. Mnamo Novemba 16, 1938, kamati ya michezo ya Muungano wa Kisovieti ilitoa amri ya kuutambua na kuuendeleza mchezo huo kwa jina la mieleka huru. Hadi leo Warusi huadhimisha tarehe hiyo kama siku ya kuzaliwa kwa sambo. Mwaka uliofuata mashindano ya kwanza ya kitaifa yakaandaliwa Leningrad. Jina sambo lilishika rasmi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wakati Wasovieti walipojitayarisha kuingia Olimpiki na kulihitaji jina mieleka huru kwa ule mtindo wa kimataifa ambao dunia nzima huuita hivyo.

Mwaka 1949 Kharlampiyev alichapisha kitabu kikubwa kuhusu sambo. Kilisifu mieleka ya jadi ya mataifa ya Kisovieti. Jina la mwalimu wake halikupewa nafasi iliyolistahili, na badala yake Kharlampiyev mwenyewe ndiye aliyekuja kujulikana kama muasisi wa mchezo.

Ni rahisi kwa mtu aliyeketi salama leo kumwita mwizi. Mwaka 1938, kulitaja kwa heshima jina la adui wa umma kungemfikisha msemaji Siberia, na pengine bila ujanja huo hakungekuwa na sambo ya kuzungumziwa. Hoja hiyo ina uzito kwa miaka ile ya Stalin. Lakini Oshchepkov aliondolewa hatia na serikali mwaka 1957, na Kharlampiyev aliishi hadi mwaka 1979. Alikuwa na miaka 22 ya kusema kweli bila kuhofia gereza. Ilibidi wanafunzi wengine wa marehemu, na baadaye mwandishi wa historia Mikhail Lukashev, wafukue habari hizo na kuzichapisha, hasa kuanzia miaka ya 1980. Leo Vladivostok ina sanamu ya Oshchepkov, na Warusi wenyewe humtaja kama mmoja wa waasisi watatu.

Yote haya hayamwondolei Kharlampiyev mchango wake. Alikuwa mpangaji hodari, mwandishi mwenye bidii na mtetezi wa mchezo kwa miaka arobaini. Na masimulizi yake kuhusu mieleka ya jadi yalikuwa na msingi. Wageorgia wana chidaoba, mieleka inayochezwa kwa mdundo wa ngoma na zumari, ambayo ndani yake mna ngwala na mitupo ya nyonga ya kila aina. Wauzbeki wana kurash, ambayo hukoma mara mtu anapoanguka. Watatari hushikana kwa kitambaa kinachozungushwa kiunoni. Waarmenia wana kokh. Wanamieleka kutoka kwa jamii hizo waliposhika jaketi ya sambo, kila mmoja alikuja na ya kwao, na mkeka ukaamua ipi inafaa.

Hapo ndipo falsafa ya sambo ilipo, kama inastahili jina hilo. Michezo mingi ya mapigano ya Asia hubeba mafundisho ya utulivu, heshima kwa mababu na mfuatano wa mikao inayorithiwa bila kubadilishwa. Sambo haina mikao ya kukariri. Haina siri anayoijua mkufunzi mkongwe peke yake. Mbinu hupimwa kwa swali moja: je, inamwangusha mtu asiyetaka kuanguka? Ikiwa jibu ni ndiyo, huchukuliwa, iwe imetoka kwa mchungaji wa Caucasus au kwa bwana wa Tokyo. Ikiwa siyo, huachwa, hata kama ni nzuri kutazama.

Sura ya kisiasa nayo haikukosekana. Serikali ya Kisovieti ilitaka raia walio tayari kwa kazi na kwa vita, na mchezo wa kujikinga ulifaa lengo hilo. Ndiyo maana sambo ilienea katika kambi za jeshi, vyuo vya polisi na viwanda, na wala haikuwa starehe ya wachache wenye fedha. Hakukuwa na mfumo wa mishipi ya rangi mbalimbali. Mchezaji alipandishwa cheo kwa matokeo ya mashindano, hadi afikie daraja la bingwa wa michezo linalotambuliwa na dola.

Atakayeingia katika ukumbi wa mazoezi akitarajia kufundishwa kurusha watu siku ya kwanza atavunjika moyo. Somo la kwanza ni kuanguka. Mwanafunzi huanza akiwa ameketi au amechuchumaa, ajiviringishe kinyumenyume na kupiga mkeka kwa mikono iliyonyooka huku kidevu kikigusa kifua ili kisogo kisiumie. Kisha ajifunze kuanguka ubavu, kuanguka mbele, kuanguka juu ya mwenzake aliyeinama. Mkono unaoupiga mkeka hutawanya kishindo ambacho kingeliishia kwenye mbavu. Anayenyoosha mkono ili kujizuia asianguke hujifunza haraka kwamba huko ndiko kuvunja kiwiko au kutegua bega.

Kuna sababu mbili za kutilia mkazo jambo hili. Kwanza, asiyejua kuanguka hana wa kufanya naye mazoezi, kwa maana mwenzake atamwonea huruma na wote wawili hawatajifunza. Pili, mwenye hofu ya kuanguka hukakamaa, na aliyekakamaa ndiye rahisi zaidi kutupwa, kama gogo.

Baada ya hapo huja mshiko. Jaketi ya sambo ina vishikio vilivyoshonwa mabegani, na mshipi wake unaopita matunduni hauhami. Kwa hiyo mpinzani anaweza kukamata bega, ukosi, mkono au mshipi nyuma ya mgongo, na mapambano mengi huamuliwa na nani aliyetangulia kupata mshiko anaoutaka. Wageni wa mchezo huu hudhani nguvu ndiyo kila kitu. Wakufunzi husisitiza kinyume chake, kwamba mpinzani hutupwa akiwa tayari amepoteza mizani. Humvuti mtu aliyesimama imara. Humsukuma ili asukume, na anaposukuma unaondoka alipokutegemea.

Mitupo yenyewe ni ya namna nyingi. Ipo ya nyonga, ya bega na ya ngwala, ambayo mwanajudo yeyote ataitambua. Ipo ya kukamata miguu kwa mikono, ambayo judo ilianza kuibana mwaka 2010 na kuipiga marufuku kabisa mashindanoni mwaka 2013. Na ipo ya kuangukia mgongo wako mwenyewe huku ukimpitisha mwenzako juu ya kifua, ambayo hufurahisha watazamaji na kuwatia wazazi kiwewe.

Mapambano hayaishi mtu anapoanguka. Chini kuna kazi ya kukandamiza na ya kukunja viungo. Kiwiko kinaweza kunyooshwa kupita kiasi kwa kubanwa katikati ya mapaja, mbinu iliyompa sifa David Rudman, bingwa wa dunia wa mwaka 1973 aliyeanzisha klabu maarufu ya Sambo-70 mjini Moscow. Miguu nayo hukunjwa, na hii ndiyo alama ya utambulisho wa sambo. Goti hunyooshwa, au kano ya kisigino hubanwa kwa mfupa wa mkono hadi maumivu yapande kama moto. Judo ilikuwa imekwisha kuziondoa mbinu za miguu mashindanoni mapema karne ya 20. Warusi walizidumisha na kuzinoa.

Hata hivyo, sambo ya michezo hairuhusu kukaba koo, na kusokota kisigino au goti ni marufuku. Anayelemewa hugonga mkeka au mwili wa mwenzake, au hupaza sauti, na mbinu huachiliwa papo hapo. Mazoezini sheria hii haina mjadala. Anayechelewa kuachilia hukosa wa kufanya naye mazoezi.

Utaratibu wa kutoa alama unaeleza mengi kuhusu fikira za walioubuni. Ukimlaza mpinzani chali nawe ukabaki wima, pambano limekwisha, umeshinda moja kwa moja. Ukimlaza chali lakini ukaanguka naye, unapata alama 4 tu. Akianguka ubavu nawe umesimama ni alama 4, nawe ukianguka ni 2. Kumkandamiza kwa sekunde 20 kuna alama 4, na sekunde 10 alama 2. Anayeongoza kwa alama 8 hutangazwa mshindi kabla ya dakika 5 za pambano kuisha. Uzito uliotiwa kwenye kubaki wima si bahati mbaya. Askari anayeanguka pamoja na adui yake yumo hatarini, kwani adui huenda ana rafiki karibu. Anayebaki amesimama anaweza kukimbia au kumkabili wa pili.

Dunia ilianza kuusikia mchezo huu kwa mlango wa nyuma. Ilipoamuliwa kwamba judo itaingia Olimpiki ya Tokyo ya mwaka 1964, Wasovieti hawakuwa na wanajudo. Walichukua wanasambo, wakawavisha mavazi ya judo na kuwafundisha sheria zake. Mjini Tokyo, mbele ya wenyeji, wanne kati yao walishinda nishani za shaba: Oleg Stepanov na Aron Bogolyubov katika uzani mwepesi, Parnaoz Chikviladze na Anzor Kiknadze katika uzani mzito. Majaji na mashabiki walizoea miondoko iliyonyooka na kunyumbulika. Hawa walikuja wameinama, wakishika migongo na mishipi. Mwaka 1972 mjini Munich, Shota Chochishvili aliwaletea dhahabu ya kwanza, na Montreal mwaka 1976 wakapata mbili kupitia Vladimir Nevzorov na Sergei Novikov.

Ukilifikiria, judo iliyotoka Kodokan mifukoni mwa yatima wa Sakhalin ilikuwa imerudi Japani miaka 47 baada yake kupewa daraja la pili, ikiwa na jina jingine na bila cheti cha kuzaliwa. Katika ukumbi wa mashindano hakuna aliyemtaja.

Sambo yenyewe ilitambuliwa na shirikisho la kimataifa la mieleka mwaka 1966. Mashindano ya kwanza ya kimataifa yalifanyika Riga mwaka 1967, na ya kwanza ya dunia Tehran mwaka 1973. Wanawake waliingia katika mashindano ya dunia miaka kumi baadaye. Mwaka 1984 mchezo ukapata shirikisho lake, FIAS, lililoundwa Madrid. Afrika iliandaa mashindano ya dunia mwaka 2015, wenyeji wakiwa Morocco katika jiji la Casablanca.

Sambo ya mapigano, ile ya Emelianenko na Nurmagomedov, ilikaa kambini kwa muda mrefu zaidi. Humo ngumi, mateke, magoti na kukaba koo huruhusiwa, na wachezaji huvaa kofia ya kinga na glavu juu ya jaketi ile ile. Nchini Urusi ilitambuliwa kama mchezo rasmi mwaka 2001 tu. Dagestan na majirani zake wa Caucasus wameifanya kuwa shule ya wapiganaji wa kulipwa, na kwa kijana wa huko, jaketi nyekundu au buluu ni hatua kuelekea Marekani na mamilioni ya dola.

Kuna mtindo mwingine wa Kirusi ambao huchanganywa na sambo, nao ni Systema. Huu hauna mashindano. Alexey Kadochnikov aliukuza wa kwake mjini Krasnodar kwa lugha ya fizikia na mitambo. Mikhail Ryabko, aliyefariki mwaka 2023, na mwanafunzi wake Vladimir Vasiliev, aliyefungua shule Toronto mwaka 1993, wameueneza ule unaojengwa juu ya nguzo nne: kupumua, kulegeza mwili, kusimama wima na kutembea bila kukoma. Mwanafunzi hufundishwa kupumua anapopigwa ngumi tumboni ili mwili usikakamae, kujipinda kwa pole pole kukwepa kisu, na kuidhibiti hofu kabla ya kumdhibiti adui.

Wafuasi wake huihusisha na wapiganaji wa Cossack na imani ya Kiorthodoksi ya karne nyingi zilizopita, madai ambayo ni vigumu kuyathibitisha. Mazoezi ya kupumua na kulegea yana manufaa, hilo halina ubishi. Ila mbinu isiyopimwa dhidi ya mtu anayekataa kwa nguvu zake zote hubaki ahadi tu, na katika baadhi ya maonyesho mpinzani huanguka kabla hajaguswa vilivyo. Kwenye mkeka wa sambo, mtu wa namna hiyo hangepata alama.

Kwa sasa linalowaumiza vichwa viongozi wa sambo ni Olimpiki. Mchezo huu haukuwekwa katika orodha ya nishani hata Moscow ilipokuwa mwenyeji mwaka 1980. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliupa FIAS utambuzi wa muda mwezi Novemba 2018 na utambuzi kamili Julai 2021. Miezi saba baadaye Urusi ikaivamia Ukraine. Wachezaji wa Kirusi, ambao ndio nguzo ya mchezo, wakalazimika kupanda mikekani chini ya bendera ya shirikisho badala ya ya taifa lao, na kampeni ya kuingia Olimpiki ikapoteza kasi.

Uhusiano wa sambo na wakuu wa Kremlin nao hauisaidii machoni pa mataifa ya Magharibi. Rais Vladimir Putin aliifanyia mazoezi alipokuwa kijana Leningrad kabla ya kuhamia judo, na hajawahi kuficha mapenzi yake kwa mchezo huo. Kwa upande mwingine, mabingwa wake wengi ni Wageorgia, Wakazakh, Wamongolia, Wabulgaria na Wabelarusi, na Ukraine yenyewe imekuwa na wanasambo hodari kwa vizazi kadhaa.

Kutambuliwa na IOC si sawa na kupewa nafasi michezoni. Waandalizi wa Los Angeles 2028 waliongeza kriketi, skwoshi, lakrosi, besiboli na softiboli, na soka ya Kimarekani isiyo ya kuangushana. Sambo haimo.